Fungu la Mtoto Asiyesema

Binti yetu alikuwa na miaka sita alipoandikishwa kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Aliyemwandika alikuwa karani wa ofisi ya ustawi, na sidhani kama alikusudia ubaya. Daktari mmoja mgeni aliyekuwa akipita Arusha alikuwa amemtazama mtoto kwa muda mrefu, akamchezea kwa funguo zake, halafu akaniambia neno ambalo nililirudia njia nzima ili nisilisahau: otizim. Neno usonji nililisikia miaka mingi baadaye. Nilipofika kwenye dirisha la karani nikalitaja lile la daktari, naye akapekua daftari lake. Mlikuwa na safu ya wasioona, ya viziwi, ya walemavu wa viungo, na ya mtindio wa ubongo.

"Hilo lako halimo, mama," akasema. "Nimweke wapi?"

Nikamwambia mtoto anaona, anasikia, na mbio zake mimi siziwezi.

"Basi mtindio," akasema, akaandika.

Nilitoka pale nikiwa sielewi kama nimesaidiwa au nimedanganywa. Ila jina lilikuwa limeingia daftarini, na mtoto mwenye jina daftarini alikuwa na fungu lake la pesa.

Wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazi. Kiwanda cha serikali nilikokuwa karani wa hesabu kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, na sisi wa ofisini ndio tuliotangulia kupewa barua. Hospitali, ambayo tangu utotoni mwangu ulikuwa unaingia na kadi tu, sasa ilikuwa na dirisha la kulipia kabla ya dirisha la daktari. Mume wangu alikuwa na gereji ndogo Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kumiminika, kwa hiyo kazi hakukosa, lakini wateja wengi walilipa kwa maneno. Kwa hiyo niliposikia kwamba serikali ina kitu kwa ajili ya watoto wa namna hii, nilikwenda hata kabla ya kumwambia.

Afisa ustawi alikuwa baba wa makamo, mpole, aliyevaa sweta la kijivu hata jua likiwa kali. Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu njia. Fungu ni la mwaka mzima. Mzazi anaandika mchanganuo, anaonyesha litatumika wapi, ofisi inalipa kule kule kwenye huduma.

"Ni dogo," akasema. "Halitoshi kila kitu. Itabidi uchague."

"Nichague nini, baba?"

"Hapo ndipo mimi sijui. Mimi si mtaalamu wa mtoto wako."

Wataalamu walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na lake. Levolosi kulikuwa na shule ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu, na hapo palikuwa na bwana wa mazoezi ya viungo. Mwingine alikuwa mwalimu wa matamshi, mama mmoja kutoka Moshi aliyezoea kufundisha viziwi. Yeye alikuja Arusha kila baada ya wiki mbili akapokea watoto katika chumba alichoazimwa kanisani. Nikipeleka fungu lote Levolosi, mtoto angepata mazoezi na nauli hadi mwisho wa mwaka. Nikilipeleka kwa yule mama wa Moshi, lingeisha kabla ya mvua za vuli. Nikiligawa, kila upande ungepata kidogo ambacho hakuna aliyeweza kuniambia kama kina maana.

Kiwandani nilikuwa hodari wa hesabu. Ukinunua mafuta, mashine inazunguka. Ukinunua nyuzi, kitambaa kinatoka, na kisipotoka unajua umwulize nani. Hii ya mtoto nilikaa nayo mezani, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Kila nilichoandika kilionekana sawa, na kila nilichofuta pia.

Binti yetu alikuwa mtoto wa kupendeza, mwenye nyusi za baba yake. Hakusema neno. Alivuma kwa sauti ya chini, mdomo umefumbwa, kama anayetafuta mwanzo wa wimbo. Mgeni akiingia, alimshika mkono akaunusa, ndipo akamwacha akae. Chakula kikichanganywa hakukila: ndizi peke yake, nyama peke yake, mchuzi kwenye kikombe. Mabasi ya Nairobi yakipiga honi alijiziba masikio akalia mpaka akatapika. Lakini redio, hata ikipiga kelele kiasi gani, hakuiogopa. Alikaa ameegemeza shavu kwenye spika. Siku hizo stesheni za watu binafsi zilikuwa zimeanza, na sisi wakubwa tulikuwa bado tunashangaa kusikia sabuni ikisifiwa katikati ya muziki.

"Weka lote kwa yule wa Moshi," mume wangu alisema. "Viungo anavyo. Kinachokosekana ni maneno."

Ilionekana ni akili. Lakini karani alikuwa ameandika mtindio, na fungu la mtindio halikuruhusiwa kwenda lote kwenye matamshi. Lazima sehemu iende kwenye viungo. Basi nikaligawa, nikawa nampeleka Levolosi mtoto anayepanda ukuta wa jirani, eti akanyooshwe miguu.

Bwana wa mazoezi alimtazama akikimbia kuzunguka chumba, akanigeukia.

"Mama, huyu mimi nimfanye nini?"

"Sijui, kaka. Nimeambiwa nimlete."

Alijikuna kichwa. Mwisho akatoa mpira mkubwa wa hewa waliotumia kwa watoto wengine, akamlaza juu yake kifudifudi, akamsukuma mbele na nyuma polepole. Binti yangu alinyamaza. Hata kuvuma aliacha. Alilegea kama nguo iliyolowa, na siku ile alilala usingizi mzito tangu jioni hadi kulipokucha, jambo ambalo hatukulizoea. Sasa, hilo ni tiba au ni mchezo? Nilimwuliza. Akasema hajui, yeye kasomea mifupa.

Mwalimu wa matamshi alikuwa mnene, mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Siku ya kwanza aliweka kikombe mezani, akangoja mtoto akiangalie. Tulikaa hivyo karibu kipindi kizima. Halafu akaniuliza nyumbani tunasema lugha gani.

Nikamweleza. Mimi ni Mchaga, na nikiwa na dada zangu hatusemi kingine. Mume wangu ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, na mama yake akija ni Kimaasai. Kati yetu Kiswahili. Na mwaka wa nyuma tulikuwa tumejaribu chekechea ya Kiingereza, kama kila mtu.

"Ni nyingi mno kwa mtoto huyu," akasema. "Chagueni moja."

Kuchagua tena. Tukachagua Kiswahili, na mzigo wa kumwambia mama mkwe ukawa wangu. Alikuja mwezi uleule na kibuyu cha maziwa. Nilimwamkia, "Takwenya," naye akaitika, "Iko," halafu akainama ili mjukuu aje apokee mkono kichwani, kama watoto wa kwao wanavyofanya. Mjukuu hakutoa kichwa. Aliuchukua ule mkono, akaunusa kwa muda mrefu, akauweka shavuni pake. Bibi akacheka, akaanza kumsemesha kwa Kimaasai, maneno laini ya kumbembeleza mtoto.

Ikabidi niseme. "Mama, mwalimu amekataza. Tuseme naye Kiswahili tu."

Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni: bei, chumvi, habari za ng'ombe. Alinitazama, akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo mimi ninyamaze?"

"Siyo kunyamaza, mama. Ni kwa muda."

Alikaa siku zote alizokaa bila kumsemesha. Alimshika mkono tu, wakatembea uani huku na huku, kimya wote wawili. Sijui kama kile kimya kilimsaidia mtoto. Najua bibi alirudi kwao kabla ya siku aliyosema.

Miezi ikapita hivyo, Levolosi na mpira, kanisani na kikombe. Kila robo mwaka niliitwa ustawi kueleza maendeleo. Niliandika kwamba mtoto analala vizuri zaidi. Niliandika kwamba ameangalia kikombe. Nilijiona kama mtu anayejaza maji kwenye chombo asichokiona.

Halafu ikaja Jumapili moja. Tulikuwa tumetoka ibadani, mimi nipo uani naosha vyombo, nikasikia ndani sauti ya mwanamume mchangamfu ikisema, "Povu jingi, gharama ndogo! Inapatikana madukani kote!" Nikaendelea kusugua sufuria. Lilikuwa tangazo la sabuni ambalo wote tulikuwa tumelichoka. Ndipo nikakumbuka kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Niliingia. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya redio iliyozimika, mikono nyuma, anaisemesha. "Povu jingi, gharama ndogo!" Kila silabi ilikuwa mahali pake. Hata kile kicheko kidogo cha mtangazaji mwishoni alikuwa nacho. Nikakaa pale pale kizingitini. Nikamwita baba yake kwa ukelele uliowatoa majirani nje.

Alikuja mbio kutoka gereji, na mafuta ya gari mikononi. Mtoto akasema tena. Mume wangu, ambaye hata kwenye msiba wa baba yake sikumwona machozi, alimbeba mabegani, akatoka naye hadi barabarani, akampitisha gereji moja baada ya nyingine. Mafundi waliacha spana zao wakapiga makofi. "Inapatikana madukani kote!" alisema juu ya mabega ya baba yake, na wote wakaangua kicheko, na mimi nikicheka na kulia nyuma yao. Jumapili iliyofuata tulipeleka sadaka ya shukrani. Mchungaji alimwombea mbele ya watu wote.

Nilimpeleka kwa mwalimu wa Moshi nikiwa nimevaa kitenge kipya. Alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu, lakini akaniwekea mkono begani.

"Ni mwangwi, mama. Anarudisha alichosikia. Bado hajasema lake."

"Kwa hiyo si kusema?"

"Si kusema. Lakini si bure pia. Msimnyamazishe."

Si kusema, lakini si bure. Nilirudi Sakina na maneno hayo, nikajaribu kumweleza mume wangu, akakasirika. "Ulimwomba Mungu aseme. Amesema. Sasa mnataka aseme namna gani?"

Wiki hiyohiyo afisa ustawi akaja nyumbani kwa ukaguzi. Nilimkaribisha chai. Binti yangu alimnusa mkono, akamkubali, kisha bila kuombwa akamtolea tangazo zima, pamoja na kicheko. Yule baba aliweka kikombe chini, uso umemkunjuka kwa furaha ya kweli.

"Hongera, mama! Hongera sana! Mtoto amefunguka."

Mume wangu akasema asante. Mimi pia nikasema asante. Tungesemaje? Mgeni amefurahi, mtoto amesifiwa, chai ipo mezani. Mwezi uliofuata nilipokwenda kwa mwalimu wa matamshi nikaambiwa ofisi imeacha kulipa. Levolosi nako hivyohivyo. Binti yetu alikuwa ameandikwa kwamba amepata nafuu, na fungu lake limepewa mwingine.

Nilimchukua mtoto, tukaenda ofisini. Njiani nilikuwa napanga maneno, na kila nilivyoyapanga yalinitisha. Nilikuwa naenda kumwomba mtu aamini kwamba mwanangu hawezi kusema. Madhabahuni nilikuwa nimetoa sadaka kwa sababu amesema. Kama nimesema kweli kule, basi hapa naenda kudanganya. Na kama hapa ndipo kwenye kweli, kule nilimshukuru Mungu kwa nini?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Mrembo wangu hajambo?"

Nikamweleza. Hawezi kuomba maji. Hawezi kuniambia wapi panauma. Jina lake halisemi. Anasema tangazo la sabuni, basi.

Yule baba akainama mbele ya mtoto, akamwuliza kwa upole, "Unaitwa nani, mama?"

Binti yangu alimwangalia shati. "Inapatikana madukani kote," akasema, akacheka kile kicheko.

Afisa naye akacheka. "Ana utani huyu!"

"Si utani, baba. Ndiyo yote aliyo nayo."

Akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa anajitahidi kunielewa, niliona, na mimi nilikuwa najitahidi pia.

"Mama," akasema, "nisaidie. Unataka aseme, au unataka asiseme?"

Nakumbuka mlio wa taipureta chumba cha pili, na binti yangu akipapasa sweta lake la kijivu, na mimi nimesimama kama mjinga. Naye hakunifukuza. Alinionyesha kwa kidevu benchi la nje, mlango ukiwa wazi. Kulikuwa na baba mmoja, mkulima kwa kumtazama, amembeba mgongoni mtoto wa kike mkubwa, miguu inaning'inia imekakamaa. Shingo ya yule baba ilikuwa imelowa jasho.

"Yule ndiye aliyepata nafasi ya binti yako," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye anahitaji kunyooshwa viungo hasa. Ukisema nimwondoe, niambie mwenyewe."

Tulitoka, tukapita mbele yao. Binti yangu akamshika yule msichana mkono, akaunusa. Baba yake alituamkia kwa heshima, hajui chochote. Nilitembea hadi nyumbani nikimkasirikia afisa, halafu karani, halafu yule mkulima asiye na kosa, halafu mtangazaji wa redio.

Mwalimu wa Moshi alikubali kutuona mara moja ya mwisho bila malipo. Siku ile hakumfundisha mtoto, alinifundisha mimi. Akasema tuyachukue maneno aliyo nayo, tuyape kazi. Kila ukimwogesha, sema povu jingi, halafu siku moja sema povu, unyamaze, ungoje. Kila ukitoka naye, sema madukani. "Usimkimbize," akasema. Nikamwuliza kuhusu lugha, maana lile jambo la bibi lilikuwa linanikaa kooni. Akafikiri, akasema, "Siku hizi sina uhakika na lile nililokwambia. Bibi aseme naye tu."

Nusura nipige kelele. Badala yake nilimshukuru, nikatuma ujumbe Oldonyo Sambu.

Tulifanya alivyosema. Tuliinunua hata ile sabuni yenyewe, ingawa ilikuwa ghali kuliko ya mche, kinyume na ilivyojisifia. Mume wangu aliona aibu mwanzoni, mtu mzima kusimama uani akisema povu, kisha kukaa kimya. Lakini alisimama. Wakati wa likizo mtoto alikwenda kwa bibi, na huko bibi alisema naye Kimaasai kutwa nzima, kama anayelipiza. Mpira mkubwa hatukuwa nao tena, kwa hiyo baba yake aliujaza hewa mpira wa ndani wa tairi la lori, akawa anambembeza juu yake jioni.

Mvua za masika zilikuwa zinakatika alipokuja jikoni, akanivuta kanga na kusema, "Povu." Bila kicheko. Sauti haikuwa ya mtangazaji. Ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, sauti nisiyoijua, na ilichukua muda kidogo kabla sijatambua ni ya nani. Alitaka kuoga. Nilimwogesha, sijui kwa muda gani, maji yote ya pipa yakaisha.

Hatukumwita mchungaji wala mafundi. Tulikuwa tumeogopa.

Tangu hapo maneno yalikuja polepole, mengine ya redio, mengine ya Kimaasai, machache ya kwangu. Leo ni mwanamke. Anasema sentensi fupi, anachagua nguo zake, anajua kuniambia panapouma. Hawezi kukaa peke yake, na siku za kelele bado ni ngumu. Baba yake ni marehemu. Bibi pia.

Miaka kadhaa baada ya yote hayo ofisi ilinialika niwe katika kamati ya wazazi wa kushauri jinsi ya kugawa fungu. Daftari lilikuwa jipya na safu zimeongezeka. Pesa haikuwa imeongezeka sana. Afisa alikuwa mwingine, binti mdogo mwenye haraka. Alinitambulisha kama mama aliyefanikiwa, akataka niwaeleze wenzangu ni huduma ipi iliyoleta matunda, ili wajue pa kuanzia.

Nilisimama. Nilifikiria mpira, kikombe, bibi, sabuni. Nilifikiria kwamba huenda angesema tu, hata tungekaa bila kufanya lolote. Nikawaambia sijui. Wengine waliguna. Mama mmoja kijana wa nyuma, amempakata mtoto anayejipiga kichwa, alinyoosha mkono akauliza, karibu kwa hasira, "Sasa sisi tuandike nini kwenye mchanganuo?"

Nilikwenda nikaketi karibu naye. Nikamwomba anisimulie mtoto wake anapenda nini. Alianza kusema, akasita, akasema hajawahi kuulizwa hilo.